Kasha Dogo Lisilo na Kelele

Nilimjua kabla hajavua kofia ya pikipiki. Mtu uliyempenda miaka minne hungoji kumwona sura, unamjua kwa anavyopanda ngazi, na Po-hsun hupanda ngazi mbili mbili hata akiwa na mzigo. Siku hiyo alikuwa na mzigo. Dude kubwa la mraba, limezungushiwa mfuko wa takataka na kufungwa selotepu, maji ya mvua yanachuruzika mpaka kwenye sakafu yetu.

Moyo ukanipiga paa! Nikainamia meza ya kazi nikajifanya natafuta skrubu. Skrubu zenyewe zilikuwa kwenye trei, mbele ya pua yangu.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri, na siku za Jumanne soko letu la kompyuta hupoa kabisa. Hapakuwa na mteja hata mmoja wa kujificha nyuma yake. Tulikuwa wawili tu dukani, mimi na shangazi yangu Hsiu-luan, mwenye duka, aliyekuwa anakunywa maziwa ya soya kwa mrija huku miguu iko juu ya boksi.

"Heee!" shangazi akaita, mrija bado mdomoni. "Leo jua limechomoza magharibi! Bwana mdogo, umepotea? Duka la viatu liko chini."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Miezi minne! Hata kameseji ka kuuliza hali hakuna. Au simu yako nayo iliungua?"

Po-hsun akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Akautua mzigo wake chini, akajifuta uso kwa mkono wa koti la mvua, akanigeukia. Alikuwa amekonda. Nilitaka kufurahi kwamba amekonda, nikashindwa.

"Hujambo, Yun-ju."

"Sijambo. Tukusaidie nini?"

Nilisema hivyo hivyo, tukusaidie nini, kama ninavyomwambia mteja yeyote. Shangazi akaguna.

"Nataka kasha dogo la kompyuta," akasema. "Nihamishie vitu vya humu ndani. Liwe dogo la kukaa mezani, mashine iwe kimya, na ya kupozwa kwa upepo." Akaongeza, "Siyo maji."

Siyo maji. Aliyasema taratibu, hakuwa na ubaya, lakini yalinichoma mpaka kwenye mfupa.

Ngoja nikueleze, usije ukaniona mwehu. Po-hsun ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Mimi ni wa mwaka wa Farasi, yeye wa mwaka wa Panya, na hao wawili kwetu wanakaa pande mbili za duara wakitazamana kwa chuki. Mama yake, Mama Lo, alipohesabu miaka yetu kwa vidole alisema hapana, hata chai yake sijainywa. Po-hsun akambembeleza mwaka mzima. Akagoma kula, akamtuma dada yake, akalia. Mwisho mama akasema haya, basi tuwaulize wazee waliotangulia, wakikubali wao mimi ni nani. Karatasi nyekundu yenye mwaka, mwezi, siku na saa niliyozaliwa ikawekwa kwenye meza ya wazee, chini ya chetezo cha ubani, siku tatu. Nyumba ikitulia siku tatu, mchumba amekubaliwa. Kikipasuka kikombe, mtu akiugua, watu wakigombana, hata taa ikizimika, basi, hakuna ndoa.

Siku ya kwanza ikapita salama. Siku ya pili, saa moja jioni, umeme ukakatika nyumba nzima, na zile taa mbili nyekundu za wazee, ambazo hazizimwi mwaka mzima, zikazimika. Po-hsun akanipigia simu. "Yun-ju," akasema, "ile mashine imevuja."

Ile mashine nilimuundia mimi, zawadi yake ya kuzaliwa. Ilikuwa inapozwa kwa maji, mabomba ya kioo nimeyakunja kwa mkono wangu, maji nimeyatia rangi ya tikitimaji kwa sababu ndilo tunda analolipenda. Kila kiungo nilikifunga mimi, na maji yakigusa umeme, swichi kuu hukata nyumba nzima. Kwa hiyo aliyezima taa za wazee ni nani? Ni mimi. Nilikwenda kwa Mama Lo na boksi la matufaha, nikasimama mlangoni nusu saa, akaniambia kupitia nondo za mlango, kwa upole ambao ulinimaliza kabisa, "Siyo mimi, mwanangu. Wazee ndio wamesema." Tangu siku hiyo sijagusa kazi ya maji. Mteja akitaja maji namwelekeza duka la jirani. Na kila nilipofumba macho niliona mkono wangu unafunga kiungo, najiuliza ni kipi, ni kipi nilikilegeza?

Shangazi alikuwa ananipa moyo kwamba wazee huulizwa hata mara mbili, mambo yakishatulia. Mimi nilikuwa nasubiri hilo tu. Sikutaka kitu kingine duniani, nilitaka ile karatasi irudi kwenye ile meza.

"Kasha dogo," nikasema. Nikachukua futi yangu. "Dogo kiasi gani? Kuna watu wanasema dogo, ukiwapa dogo wanalia."

"Nionyeshe."

Nikateremsha matatu kutoka rafuni nikayapanga kaunta. La kwanza lilikuwa la alumini, jembamba, ujazo wa lita nane. Akalishika kwa mkono mmoja, macho yakamng'aa. Wanaume wote hupenda hilo.

"Hili hili!"

"Wee acha. Kipoza joto cha humu hakiruhusiwi kuzidi unene wa vidole vinne. Kipoza kifupi, feni yake ndogo. Feni ndogo inabidi izunguke kama imefumaniwa. Ukiwasha mchezo wako wa vita, mashine itapiga mluzi kama birika."

"Ha! Basi hapana. Hili la kioo je?"

"Hilo zuri kwa macho. Utaona taa, utaona rangi, marafiki watasifia. Lakini mbele kioo, ubavuni kioo, hewa inapita wapi? Feni zinavuta pumzi huku pua imezibwa. Kadi yako ya picha ikipata joto, zinaanza kupiga kelele."

"Mwambie ukweli," shangazi akadakia. "Hilo la kioo tunawauzia wanaotaka kupiga picha. Wa kulala nayo chumba kimoja hatuwauzii."

"Ya kulala nayo chumba kimoja ndiyo ninayotaka, shangazi," Po-hsun akasema.

Nikalivuta la tatu. Lilikuwa la wavu wa chuma pande zote, rangi ya maziwa, halina urembo wowote. Lita kumi na nane. Nikaiingiza futi ndani.

"Kadi yako ina sentimita ishirini na tisa. Humu inaingia na nafasi inabaki. Feni zake zinatazama ubavuni, wavu huu hapa, zinavuta hewa safi moja kwa moja. Kipoza joto cha prosesa nakuwekea kile cha mnara, kirefu, chenye feni pana. Feni pana ikizunguka polepole inasukuma upepo ule ule na huisikii. Joto linatokea juu. Mezani linakaa vizuri. Ubaya wake vumbi."

"Vumbi siyo neno. Kimya ndiyo muhimu." Akalikuna lile kasha kwa ukucha, akasema bila kuniangalia, "Ninayekaa naye ana usingizi mwepesi."

Jamani. Futi ilinitoka mkononi ikajikunja yenyewe kwa kishindo. Nikajikaza kisabuni. Nikasema, "Hongera," na sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua.

"Hongera ya nini?"

"Ya huyo unayekaa naye. Mama atakuwa amefurahi. Ni wa mwaka gani? Ng'ombe? Nasikia Ng'ombe na Panya wanapatana sana."

"Yun-ju."

"Namuuliza mteja swali la kawaida. Kitanda kipo umbali gani na meza? Kama ni mita moja nakuwekea feni za..."

"Mita moja na nusu," akasema. "Chumba kipo Yonghe, ng'ambo ya daraja, ghorofa ya tano, dirisha linatazama paa la shule. Bado sijahamia. Na yeye bado hajahamia. Akisikia feni ya mashine anafunika kichwa kwa mto, halafu anasema zima hilo dubwana lako au nilizime mimi. Akiamshwa asubuhi mpaka anywe maziwa ya soya ya moto ndiyo anasalimia watu. Mwaka wake ni Farasi."

Shangazi akaacha kunyonya mrija.

Mimi? Mimi nilikuwa nimesimama tu. Machozi yakanilengalenga nikaona makasha sita badala ya matatu.

"Unanitania," nikasema.

"Sikutanii. Mama amekubali. Juzi, wakati wa kula, aliniambia Po-hsun, huli, huongei, umekuwa kama mgeni kwangu, haya nenda kamlete huyo msichana tuwaulize wazee tena. Jumamosi hii. Anataka karatasi mpya, shangazi uiandike wewe, kwa mkono wako."

"Mungu wangu!" Shangazi akainuka, boksi likapinduka. "Jumamosi! Siku nne tu! Na wino nimemaliza! Ewe mtoto, kwa nini hukuanza na hilo, umekaa unatuuliza makasha?"

"Nilitaka kwanza alichague yeye," akasema, akiniangalia mimi. "Litakaa chumbani kwetu. Nilitaka alichague bila kujua, ili achague linalofaa, siyo la kunifurahisha."

Nilimpiga na kitambaa cha kufutia vumbi. Nikampiga tena. Akakamata mkono wangu akaushikilia juu ya lile kasha la wavu, na mkono wake ulikuwa baridi kwa mvua, nami sikuutoa. Muuza kamera wa upande wa pili aliongeza sauti ya redio, nadhani kwa heshima. Ukiniuliza siku niliyokuwa na furaha kuliko zote, sitakutajia harusi ya mtu wala mwaka mpya. Nitakutajia hizo dakika kumi.

Shangazi akachukua mwavuli akaenda kununua wino. Akiwa mlangoni akamnyooshea Po-hsun kidole. "Na wewe, usiache mbachao kwa msala upitao. Nimekusubiri miezi minne nikuambie hivyo."

Tukabaki wawili. "Haya," nikasema, "tuhamishe vitu vyako nyumba mpya." Nikachana selotepu.

"Toa tu prosesa na kadi," akasema haraka. "Mengine tupa."

"Kadi siwezi kuitoa hivi hivi, imefungwa bomba. Lazima nimwage maji kwanza, halafu niirudishie feni zake za kiwandani. Ninazo, nilikuwekea kwenye droo."

"Maji si yalishavuja?"

"Si yote. Yatakuwa yamebaki huku chini."

Nikatandika taulo. Nikaondoa ubavu wa kioo. Nilikuwa naogopa, si uongo. Nilikuwa nimejiandaa kuona doa, kutu, bodi iliyoungua, aibu yangu yote mbele ya macho yangu. Nikawasha taa ya meza nikainama.

Tangi lilikuwa limejaa.

Nilipolijaza mara ya kwanza nilichora mstari mdogo kwa maka peni. Maji yalikuwa pale pale kwenye mstari, labda yamepungua upana wa ukucha, kama maji yoyote yatakavyopungua yakikaa miezi minne. Rangi ya tikitimaji, safi. Nikapitisha kidole kiungo cha kwanza, kikavu. Cha pili, kikavu. Nikavipitia vyote kumi na viwili.

Sasa mimi nina tabia yangu. Kiungo cha mwisho kabisa, kile cha nyuma ya kadi kisichoonekana, nikishakifunga nachomeka chini yake kipande cha tishu kilichokunjwa mara nne. Wateja hawajui, hata shangazi hajui. Maji ya rangi yakidondoka hata tone moja, tishu inaniambia. Nikaingiza koleo ndogo nikaitoa. Ilikuwa nyeupe. Ina vumbi kwa juu, basi.

"Vipi?" Po-hsun akauliza. Alikuwa amevua koti, anaangalia makasha.

Nikachukua nyaya za umeme na za skrini nikazichomeka kwenye ile mashine.

"Yun-ju, usiwashe, ita..."

Nikabonyeza. Taa zikawaka. Maji yakaanza kutembea kwenye mabomba, pampu ikanguruma kidogo kidogo, na kwenye skrini yangu ya majaribio likatokea jina lake, alivyoliandika mwenyewe usiku wa sikukuu yake ya kuzaliwa, linasubiri neno la siri.

Tukaitazama wote wawili. Kwa kweli ilikuwa mashine nzuri.

"Imepona," akasema.

"Ilikuwa inaumwa?"

"Itakuwa... itakuwa ilikauka yenyewe. Miezi minne ni mingi."

"Maji ya rangi hayakauki bila kuacha doa, Po-hsun. Na yakivuja yanapungua. Hapa hayajapungua." Nikaiweka tishu kaunta mbele yake. "Hii ilikuwa chini ya kiungo cha mwisho. Iguse."

Hakuigusa.

"Umeme ulikatika vipi?" nikauliza.

"Sijui. Nyumba ya zamani ile, nyaya zenyewe..."

"Ulinipigia simu ukasema mashine imevuja. Hukusema nyaya. Ulisema mashine, na ukasema imevuja. Nimekwenda kwenu nimesimama mlangoni na matufaha, ulikuwa ndani, nilikusikia unapiga mswaki. Nimeacha kazi ya maji niliyoifanya miaka tisa. Nimelala nahesabu viungo. Kwa hiyo naomba uniambie, kwa sababu nimechoka. Umeme ulikatika vipi?"

Akakaa juu ya boksi la shangazi. Akaikamata kofia yake ya pikipiki kwa mikono miwili.

"Nilizima mimi."

"Ulizima nini?"

"Swichi kuu. Ile ya koridoni."

Nilisikia maneno, nikayaelewa, ila hayakuniingia. "Kwa bahati mbaya?"

Akatikisa kichwa.

"Nieleze."

"Siku ya kwanza nilikuwa nafurahi," akasema. "Siku ya pili asubuhi mama akaosha vyombo vyote, hata kijiko hakikuanguka. Mjomba akaja, unajua mjomba na mama hawakai saa moja bila kugombana, siku hiyo wakacheka. Bibi anayekohoa mwaka mzima hakukohoa. Jioni mama akaniambia, Po-hsun, nadhani wamekubali. Akaanza kuhesabu meza za wageni. Mikate ya posa, dhahabu, ukumbi. Mimi nikaingia chooni nikatapika. Nina miaka ishirini na nane, Yun-ju. Nilikuwa nimepigania kuulizwa. Sikuwa nimefikiria wakijibu ndiyo. Nikatoka chooni, swichi ipo pale ukutani, na mkono ukaenda."

"Mkono ukaenda."

"Nilitaka kuiwasha palepale! Nikasikia mama analia mbele ya meza ya wazee. Akasema nini kimetokea, na mimi nikasema... la kwanza lililokuja mdomoni. Mashine."

"La kwanza lililokuja mdomoni lilikuwa mimi."

"Nilisema mashine."

"Mashine ni mimi, Po-hsun! Nani kaiunda? Mama yako aliposikia mashine alisikia nini?"

Nje mvua ilikuwa inapiga kwenye bati la maegesho.

"Kwa hiyo wazee hawakunikataa," nikasema.

"Hawakukukataa."

"Nyumba ilitulia."

"Ilitulia kabisa." Akaanza kulia. Alilia bila kuficha, kamasi na yote. "Nilikuwa mjinga, nilikuwa mwoga. Wiki haikupita nikajua nimefanya nini. Nimeteseka. Nimetafuta chumba, nimembembeleza mama upya, nimefanya kila kitu upya ili tuanze bila lile. Jumamosi ukilala ukiamka tumesharudi pale pale. Hakuna atakayejua. Nakuapia kwa majina yao, sitagusa kitu."

"Ungeniambia lini?"

"Nini?"

"Kwamba siyo mimi. Tungeoana, tungekaa hicho chumba cha Yonghe, tungezaa watoto. Mama yako kila mwaka mpya angeniangalia na kukumbuka taa zilizozimika. Ungeniambia lini kwamba siyo kiungo changu?"

Alifungua mdomo. Nilimsubiri. Nakwambia nilimsubiri kwa moyo wote, kwa sababu kulikuwa na jibu ambalo lingeniokoa, angesema leo, nilikuja kukuambia leo, na hata kama ni uongo ningelimeza.

"Nilidhani hutauliza," akasema.

Nikazima mashine. Nikachukua ndoo, nikafungua bomba la chini, maji ya tikitimaji yakaanza kumwagika taratibu.

"Unafanya nini?"

"Kazi. Umekuja kununua kasha, nimekuchagulia kasha. Kazi ya mtu haiachwi nusu."

Nilifanya kazi kwa muda mrefu, na yeye hakuondoka. Nikaivua kadi bomba zake nikairudishia feni zake tatu. Nikafunga bodi kwenye lile kasha la wavu, nikasimamisha kipoza joto cha mnara, nikapitisha nyaya nyuma zisizibe hewa. Feni pana nikaiweka itazame juu. Mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko miezi yote minne iliyopita. Kumbe sikuwahi kulegeza kitu. Hilo nalo lilinitoa machozi, yakadondoka kwenye ubao, nikayafuta kwa kona ya shati.

Shangazi akarudi na chupa ya wino na mfuko wa mikate ya mvuke, anahema, anacheka peke yake. "Nimekutana na mama wa duka la nyaya, nimemwambia Jumamosi, amesema atachoma ubani kwa..." Akatuona. Akamtazama Po-hsun na macho yake mekundu, akanitazama mimi, akaiona ile mashine kubwa imekaa wazi, kavu, na ndoo imejaa mpaka nusu. Shangazi yangu ameuza kompyuta miaka thelathini. Hakuhitaji kuelezwa.

"Njia ya mwongo fupi," akasema polepole, akaketi na mikate yake mapajani.

Nikawasha lile kasha jipya. Taa ndogo nyeupe ikawaka, skrini ikaleta jina lake. Nikaweka sikio juu ya wavu. Hakuna kitu. Ilibidi niweke kiganja juu nihisi upepo unatoka ndipo nijue inafanya kazi.

"Haisikiki kabisa," Po-hsun akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Ndivyo ulivyotaka. Wavu huu umeshikwa na sumaku, uvute hivi unatoka. Usafishe kila baada ya miezi miwili, kwa brashi kavu, usitumie maji. Usiiegemeze ukutani upande wa kadi, iache inavuta hewa. Kipoza joto nimekikaza, ukiisafirisha kwenye pikipiki ilaze."

"Yun-ju. Nimwambie nini mama?"

"Mwambie ukweli."

"Ataumia."

"Ataumia. Mimi niliumia miezi minne sikufa. Mwambie nyumba yake ilitulia siku mbili na ingetulia ya tatu, mwambie wazee wake ni watu wema. Halafu mwambie karatasi ya Jumamosi haitakuja."

"Nipe muda. Nitakuja tena kesho. Nitakuja kila siku."

"Usije."

"Hunipendi tena?"

Shangazi akainamisha kichwa. Lile swali lilikuwa la uonevu, na Po-hsun alijua, maana alilitupa huku ameshika mlango wa kioo, tayari kwenda.

"Nakupenda," nikasema. "Nilikupenda ulipoingia, nakupenda ukiwa umesimama hapo. Ningeweza kuishi na mama asiyenitaka, Po-hsun. Ningeweza kuishi na wazee walionikataa. Lakini wote hao walinikubali. Sasa nikilala mita moja na nusu kutoka kwako, nitasikiliza kama mkono wako umetulia, na mimi usingizi wangu ni mwepesi."

Alifunga kasha kwenye mfuko mpya niliompa, akalikumbatia, akashuka. Safari hii alishuka ngazi moja moja. Nilisikia zote, nikafika hadi mlangoni, mkono wangu ukiwa kwenye kioo, na jina lake lilikuwa limefika kooni. Shangazi akasema, "Muite, mwanangu, kama unataka kumuita, muite." Nilitaka. Nilisimama pale mpaka pikipiki ikawaka chini, ikaondoka, na sikumwita.